Mbuzi wenye mimba na maganda ya muhogo

Swali: Nafuga mbuzi Nachingwea. Tangu kiangazi kianze, kila jioni nawapa maganda mabichi na majani ya muhogo. Majike wawili wamezaa watoto wenye uvimbe shingoni, manyoya haba, hata kunyonya hawawezi. Nimesoma kuwa Marekani kuna nyasi zinazodhuru farasi wenye mimba. Ndizo hizo? (Mama mfugaji)

Jibu: Pole sana, mama. Sizo. Zile ni nyasi za feskyu, za nchi za baridi, zenye ukungu unaoishi ndani ya jani bila kuonekana. Sumu yake hukausha maziwa ya farasi na kumfanya apitilize miezi yake 11. Kondo la nyuma huwa nene, mtoto akashindwa kulipasua na kukosa hewa.

Kwako nashuku muhogo. Una sumu iitwayo sianidi, hasa ule mchungu. Ikizidi ghafla, mbuzi huhema mbiombio, huyumba na kufa upesi. Ikiingia kidogo kidogo, mwili huigeuza kemikali inayozuia tezi ya shingo kupata madini joto. Mama utamwona mzima kabisa, kumbe anayeumia ni mtoto tumboni. Mpapase huyo mtoto chini kidogo ya koo: ukikuta vinundu viwili, kimoja kila upande wa koromeo, hilo ni rovu, yaani tezi hiyo iliyovimba kwa kukosa madini joto. Usilitumbue ukidhani ni jipu!

Acha maganda mabichi leo hii. Yakatekate, uyaanike kwenye turubai siku mbili tatu hadi yavunjike mkononi, maana sumu hutoka kadiri yanavyokauka. Hata yakikauka, yachanganye na nyasi, yasiwe mlo mzima. Majani nayo ni hivyo hivyo. Machipukizi ya mtama uliovunwa yana sumu hiyohiyo, kwa hiyo usiwaachie mbuzi shambani yakiwa bado mafupi. Bandani weka jiwe la chumvi lenye madini joto.

Mtoto dhaifu mkaushe, mfunike gunia kavu, kisha kamua dang'a (maziwa ya kwanza) la mama yake umnyweshe kwa chupa ndani ya saa sita za kwanza. Dawa ya madini joto mwachie daktari wa mifugo, kwa kuwa ikizidi huidhuru tezi ileile.

Jike akitupa mimba na kitoto hakina uvimbe, usikimbilie kulaumu muhogo. Huenda ni brusela, ugonjwa wa kutupa mimba ambao huambukiza watu pia. Usishike kitoto wala kondo kwa mikono mitupu, maziwa yachemsheni, na umwite daktari siku hiyohiyo.