Vitegemezi vya kisakinishi: anza kwa kuvigawa pande mbili

Mkuu, umeuliza kama vitegemezi (vifurushi vinavyohitajika ili kazi ifanyike) vya kisakinishi chako, yaani programu inayoweka mfumo kwenye kompyuta, uvipakie vyote ndani ya ISO (faili moja inayoandikwa kwenye flashi) au uviache vivutwe mtandaoni wakati wa kusakinisha. Natunza kisakinishi cha mfumo mdogo uliotokana na Debian (mfumo endeshi wa Linux), na kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: kila kifurushi kinafanya kazi upande upi? Kuna mfumo unaowaka kutoka kwenye flashi, na kuna ule unaoandikwa kwenye diski. Ukizichanganya pande hizo, utahangaika kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Chukua ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux. Anayefomati diski ni mke2fs (zana ya kuunda ext4) ya kwenye flashi, ila atakayeisoma baadaye ni GRUB (programu inayowasha mfumo) ya mfumo unaosakinishwa. Toleo la e2fsprogs (kifurushi chenye mke2fs) 1.47.0, la mwaka 2023, lilianza kuwasha vipengele vya ext4 vya metadata_csum_seed na orphan_file bila kuombwa, na GRUB 2.06 isiyotiwa kiraka haiijui hiyo ya kwanza. Basi ukiwa na flashi mpya inayosakinisha toleo la zamani, diski inafomatiwa vizuri, vifurushi vinanakiliwa vyote, halafu mwisho kabisa grub-install inagoma ikidai haiutambui mfumo wa faili. GRUB inatukanwa bure! Mimi huchukua mke2fs.conf (faili ya mipangilio ya mke2fs) ya toleo linalosakinishwa na kuielekeza kwa kigezo cha mazingira MKE2FS_CONFIG kabla ya kufomati. Kuzima vipengele kimojakimoja kwa -O nako kunafanya kazi, ila orodha hiyo itakuchosha kila toleo likibadilika.

Usimbaji fiche una mtego wa aina hiyohiyo. Tangu cryptsetup (zana ya kufunga diski kwa nenosiri) 2.1.0, chaguo-msingi ni LUKS2, muundo wa diski iliyofungwa, yenye Argon2, wakati GRUB 2.06 hufungua LUKS2 ya PBKDF2 tu; Argon2 na PBKDF2 ni njia za kugeuza nenosiri kuwa ufunguo. Kama /boot yako (folda ya faili za kuwashia mfumo) iko nje ya sehemu iliyofungwa, ruka hili.

Sasa swali lako. Chochote kinachohitajika mpaka mashine iwake yenyewe, kiwe ndani ya ISO: keneli (kiini cha mfumo) na moduli zake (vipande vinavyoendesha vifaa), GRUB, cryptsetup, zana za mifumo ya faili. Hasa moduli. Keneli ya kwenye flashi ikiwa ya toleo moja na moduli zikavutwa kutoka hazina ya vifurushi mtandaoni iliyokwisha kusonga mbele, hazitapakika, na huenda kadi ya mtandao ndiyo ikawa ya kwanza kukosa moduli yake. Lugha, fonti na programu za ofisi acha zivutwe. Wakati wa kujenga ISO, vuta vifurushi kutoka snapshot.debian.org, hifadhi ya matoleo ya zamani ya vifurushi vya Debian, kwa tarehe uliyoichagua, ili ujenzi wa leo na wa mwezi ujao utoe kitu kilekile. Qt na Python za kiolesura (madirisha ya kisakinishi) zinabaki upande wa flashi. Usizinakili kwenye diski.

Angalizo moja: grub-pc (GRUB ya mashine zinazowaka kwa BIOS ya zamani) na grub-efi-amd64 (ya zinazowaka kwa UEFI) hazikai pamoja kwenye mfumo mmoja. Weka faili zote mbili za .deb ndani ya ISO bila kuzisakinisha, kisha skripti iangalie kama /sys/firmware/efi ipo (ikiwepo, mashine imewaka kwa UEFI) ndipo ichague.