Kabla hujasema "ile ya zamani ilikuwa bora"

Taja barazani picha yoyote iliyorudiwa, yaani sinema ya zamani iliyotengenezwa upya, na jawabu litakuja kabla hujamaliza jina lake: "Ile ya mwanzo ilikuwa bora." Huenda ni kweli. Ila mara nyingi msemaji aliiona ya mwanzo utotoni, kwa mkanda uliokopiwa kutoka mkanda mwengine, na ya pili ameitizama nusu saa kwenye simu huku dijei, mfasiri wa picha, akisimulia juu yake. Anayemsikiliza, ambaye alitaka kujua tu kama picha hiyo inafaa kuingizwa kwenye flashi, haondoki na kitu.

Maoni juu ya picha iliyorudiwa yana kazi moja kubwa: kueleza kilichobadilishwa, na mabadiliko hayo yameifanyia nini hadithi. Uigizaji, muziki, mavazi na mapigano vyote vinaingia humo. Lakini kabla ya kufika huko, hakikisha kopi uliyoitizama inakupa haki ya kusema.

Chukua Sholay ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975, ambayo hapa Unguja hata asiyejua neno la Kihindi anamjua yule jambazi Gabbar. Picha hiyo ina miisho miwili. Mwisho alioupiga Sippy kwanza ulikataliwa na bodi ya sensa ya India wakati wa hali ya hatari, ikabidi apige mwengine, na huo ndio ulioonyeshwa kumbini. Wa awali ulikuja kuonekana baadaye. Kwa hivyo watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya namna Thakur, anayemsaka Gabbar kulipa kisasi, alivyomalizana naye, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Suali la kwanza la kuulizana ni hili: wewe umeona ipi?

Urefu wa picha unasaidia kujua. Sholay kamili inapita saa tatu. Ikiwa yako imekwisha kwa saa mbili na nusu, umekatiwa. Ila usikimbilie kulalamika kwa pungufu dogo. Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na televisheni za mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa nao sisi, ziliziendesha kwa fremu 25. Picha ya dakika 120 huisha kwa 115 bila ya tukio hata moja kuondolewa, na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Dakika tano katika saa mbili ni mwendo. Dakika ishirini ni mkasi.

Sasa suala la madijei, maana wengi wetu tunatizama kwa njia hiyo. Dijei hodari ni msanii, na kazi yake inastahili kuzungumzwa peke yake. Lakini ujue anachokiondoa. Sauti ya asili hushushwa ili yake isikike, na pamoja nayo unashuka muziki, zinapotea pumzi za mwigizaji, na unapotea ule ukimya ambao mwongozaji aliuweka makusudi. Maneno mengine ni ya dijei mwenyewe, hayamo kwenye picha. Na lililo zito zaidi: baadhi yao hukutajia mbaya wa hadithi nusu saa kabla picha yenyewe haijamtoa. Ukiwa umetizama namna hiyo unaweza kuzungumzia mpangilio wa matukio, mapigano, sura na mandhari. Mazungumzo, sauti za waigizaji na muziki viache. Na usilinganishe ya zamani uliyoiona kavu, yaani bila ya dijei, na mpya uliyoiona ya dijei. Ama zote mbili za dijei, ama zote mbili kavu.

Televisheni nayo inadanganya. Nyingi za kisasa hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa kulainisha mwendo umewashwa. TV inabuni fremu zake na kuzipachika kati ya fremu za picha, na sinema iliyogharimu fedha nyingi ikaonekana kama tamthilia ya mchana. Wengi wanaosema toleo jipya "linaonekana rahisi" wanalalamikia TV yao, kwa sababu la zamani waliliona kwenye TV ya chogo isiyokuwa na mambo hayo. Ingia kwenye mpangilio wa picha, zima kulainisha mwendo, halafu chagua hali ya sinema badala ya ile ya rangi kali. Kama mazungumzo hayasikiki na muziki unapasua masikio, faili lako lina sauti ya spika sita: maneno yamewekwa kwenye spika ya katikati, na TV yako ina mbili tu. Tafuta kwenye menyu ya sauti njia ya stereo, yaani ya spika mbili. Maandishi ya tafsiri yakitangulia au yakichelewa na unatumia programu ya VLC kwenye kompyuta ya Windows, herufi G na H husogeza nyuma na mbele, kidogo kidogo. Lakini kama mwanzo yanalingana na kadiri picha inavyokwenda yanazidi kuachana, kusogeza hakutasaidia: maandishi yametengenezwa kwa fremu 25 na picha yako ni ya 24. Baada ya saa moja pengo hufika kama dakika mbili na nusu. Tafuta maandishi mengine.

Baada ya hapo, kulinganisha kwenyewe. Chukua karatasi, igawe safu mbili. Unapotizama ya mwanzo andika dakika ya matukio matatu: steringi anapoingia, jambo linapogeuka, na mpambano wa mwisho. Kwa ya pili andika hayo hayo. Karatasi hiyo itakuonyesha mambo ambayo kumbukumbu haiwezi kukuonyesha.

Mfano mzuri kuliko yote ni Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya Japani, mwaka 1954, iliyorudiwa Marekani mwaka 1960 kwa jina la The Magnificent Seven chini ya John Sturges. Zote mbili ni hadithi ya wanakijiji wanaowaajiri wapiganaji saba wawakinge na majambazi; kwa Kurosawa wapiganaji hao ni samurai, askari wa kale wa Japani. Ya mwanzo ina dakika 207, ya pili 128. Dakika zaidi ya sabini zimekwenda wapi? Sehemu yake imekwenda kwenye watu: vijana wawili wa Kurosawa, mmoja mgeni wa vita na mmoja mtoto wa wakulima anayejifanya samurai, wameunganishwa wakawa kijana mmoja, Chico. Sehemu nyengine ni ile hofu baina ya wanakijiji na waliokuja kuwaokoa. Kwa Kurosawa, mkulima anamuogopa samurai karibu sawa na anavyomuogopa jambazi, mpaka kuna baba anayemkata nywele binti yake ili aonekane mwanamme. Hilo ndilo linaloifanya picha ile iwe nzito, na kwa Sturges limepungua sana. Lakini Sturges ameongeza kitu: majambazi wa Kurosawa karibu hawana sura wala kauli, wanashuka mlimani kama gharika, wa Sturges wana mkubwa wao, Calvera, anayezungumza, anayejitetea, anayeona njaa ya watu wake ni sababu tosha. Ukisema "ya Kijapani ni bora kwa sababu inakuonyesha kwamba mwokozi naye anatisha, ya Kimarekani inakupa adui wa kuzungumza naye", umetoa maoni. Mtu anaweza kuchagua kwa hayo.

Wakati mwengine aliyerudia picha anajua fika kwamba wewe unaikumbuka ya zamani, na anaitumia kumbukumbu hiyo. Don ya 1978, ya Chandra Barot, aliigiza Amitabh Bachchan, na walioiandika ni Salim Khan na Javed Akhtar. Ya 2006 imeongozwa na Farhan Akhtar, mtoto wa huyo huyo Javed, na steringi ni Shah Rukh Khan. Nyimbo zimerudi, ule wa tambuu ya Banaras ukiwemo, mavazi na mandhari vimekuwa vya kisasa, na kwa muda mrefu unahisi unajua kila kitakachotokea. Kisha mwisho unageuzwa. Aliyeiona ya 1978 ndiye anayenaswa khasa. Asiyeiona anapata mshangao wa kawaida tu. Kwa hivyo ukimshauri mtu hapo, mwambie aanze na ya zamani, tena asiruke nyimbo.

Kwa Drishyam ushauri ni tofauti. Ya mwanzo ni ya Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, 2013, ya Jeethu Joseph, ambapo Mohanlal ni mwenye biashara ya kebo aliyeacha skuli darasa la nne na elimu yake yote ameipata kwa kutizama sinema. Ya Kihindi, na Ajay Devgn, ilitoka 2015, na mwaka huo huo Jeethu Joseph mwenyewe akaipiga tena kwa Kitamil na Kamal Haasan. Wengi hapa wameiona ya Kihindi na kuita hiyo ndiyo ya mwanzo. Nguvu yake yote iko kwenye siri, na siri hushangaza mara moja. Utakayoitizama mbele ndiyo itakayokutikisa, hata kama ni dhaifu kuliko nyengine. Ukitaka kuwa muadilifu, usiipe ya kwanza maksi za mshangao unapolinganisha. Tizama namna kila moja inavyokutayarisha: vitu gani vidogo vimewekwa mapema, mke na watoto wanaogopa vipi mbele ya polisi. Na mtafute mtu aliyezitizama kinyume na wewe, msikie yeye anasemaje.

Kuna pia picha ambazo si za kurudiwa kwa maana hiyo. Devdas ya 2002 ya Sanjay Leela Bhansali hulaumiwa kwa kutofanana na ile ya 1955 ya Dilip Kumar, na zote mbili zimetoka kwenye riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya 1917, ambayo ilikwisha kufanywa sinema kabla yao. Kipimo ni riwaya. Katika riwaya Paro na Chandramukhi, wanawake wawili wanaompenda Devdas, hawakutani. Bhansali amewakutanisha na akawachezesha ngoma pamoja. Lijadili hilo, maana hapo ndipo alipofanya uamuzi wake.

Na The Lion King inatupa kipimo ambacho ni nadra kukipata. Ya 1994 ina dakika 88, ya 2019 ya Jon Favreau ina 118, na hadithi ni ile ile. Sauti ya Mufasa, yule simba baba, katika zote mbili ni ya James Earl Jones. Sauti moja, mtu mmoja, lakini wengi hawaguswi sawa, na sababu iko kwenye nyuso. Simba wa kuchorwa ana nyusi, ana machozi, anakunja uso. Simba wa kompyuta ametengenezwa afanane na simba wa kweli, na uso wa simba wa kweli hauonyeshi msiba. Huzuni yote imeachiwa sauti na muziki. Mimi naona hapo ndipo ilipopungukiwa, juu ya uzuri wake wote wa mandhari.

Unapowapelekea wenzako maoni, sauti ya WhatsApp ya dakika moja inatosha. Taja kopi uliyoiona, tukio moja, kilichobadilika, na nani inamfaa. Mwisho usiutoboe, kama ni lazima kuuzungumzia, tuma ujumbe wa pili na utangulize onyo, maana kwenye kundi sauti husikilizwa na kila aliyepo chumbani. Na kwetu kuna jambo ambalo wahakiki wa nje hawalishughulikii, nalo ndilo watu wanalouliza zaidi: inatizamika sebuleni na wazee na watoto? Usijibu "iko sawa" wala "ina mambo". Taja dakika na taja ni nini, matusi, damu au mahaba, ili mwenye rimoti ajisogezee mbele mapema. Kama hivi:

"Don ya 2006, kamili, karibu saa tatu, Kihindi chenye maandishi. Tizameni ya 1978 kwanza. Mapigano na magari yameboreshwa sana, lakini yule Vijay wa Amitabh alikuwa na uchangamfu wa mtaani ambao Shah Rukh hana. Mwisho si ule mnaoujua. Nusu ya kwanza kuna wimbo wa mahaba wa Kareena Kapoor. Mkiwa na wazee, sogezeni."

Njia hiyo hiyo inafaa kwa hadithi zetu. Vuta N'Kuvute ya Adam Shafi imekuwa filamu mwaka 2021 mikononi mwa Amil Shivji, na waliosoma riwaya huanza na orodha ya yaliyoachwa. Filamu ya saa moja na nusu hivi haiwezi kubeba riwaya nzima ya Yasmin na Denge. Uliza kilichochaguliwa: Unguja ya miaka ya 1950 inaonyeshwa kwa mwanga gani, vichochoro vinapigwa mchana au usiku, mapenzi yanapewa muda gani na siasa muda gani. Karatasi ya safu mbili inafanya kazi hata pale ambapo safu moja ni kurasa za kitabu.

Picha za namna hii hupatikana kwenye ZIFF, tamasha la filamu la hapa Zanzibar, ambalo limekuwepo tangu 1998 na huonyesha sinema Ngome Kongwe. Ukenda, kaa ngazi za juu za mawe, kwa sababu maandishi hukaa chini ya kitambaa na vichwa vya walio mbele huyaziba. Mwongozaji akiwepo na kipaza sauti kikakufikia, usimwambie kama umeipenda au hukuipenda. Mtajie tukio moja, muulize kwa nini amelifanya vile. Suali lisizidi sentensi mbili, maana muda wa masuali ni mfupi na walio nyuma yako nao wana yao.