Kwa nini meya ndiye anayeziba paa la kanisa
Ndugu, umeuliza inakuwaje meya wa kijiji cha Ufaransa ahangaike na paa la kanisa linalovuja. Ni kwamba jengo si la padri. Mali za Kanisa zilitaifishwa Novemba 1789, na baada ya sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na serikali, makanisa ya parokia yakabaki mikononi mwa halmashauri. Papa Pio X alikataa vyama vya ibada vilivyotakiwa kuyapokea, basi sheria ya 1907 ikawaachia waumini wayatumie tu. Kichekesho ni kwamba ukaidi ule umewaokolea gharama nyingi za ukarabati! Alsace na Moselle, maeneo ya mashariki mwa Ufaransa, ni habari nyingine: 1905 zilikuwa chini ya Ujerumani, na hadi leo padri wa huko hulipwa na serikali.