Kariakoo na jirani zake: majibu kwa wasomaji

Barua za msimu wa likizo zimeuliza jambo moja kwa njia nyingi: mgeni akifika Dar es Salaam, Kariakoo aiendee vipi, na aone nini kingine cha karibu bila siku yake kuishia kwenye foleni? Tumechagua sita.

Nakuja kutoka Dodoma kwa treni ya SGR na mama yangu mwenye miaka 68 na watoto wawili wa shule ya msingi. Tuna siku moja nzima. Mama anataka kanga za harusi doti 20, na watoto nimewaahidi makumbusho na sanamu ya Askari. Tuanzie wapi? (Msomaji, Dodoma)

Mama tunamwamkia, shikamoo. Anzieni baharini mmalizie Kariakoo. Wageni wengi hufanya kinyume: asubuhi wanakimbilia dukani, ikifika saa tano wana furushi la kilo saba au nane begani, na makumbusho wanaahirisha mpaka safari nyingine. Mzigo uwe wa mwisho.

Saa mbili asubuhi muwe Boma la Kale, kona ya Sokoine Drive na Barabara ya Morogoro. Ni miongoni mwa majengo ya kwanza kabisa ya mji huu, lilijengwa wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1866 na 1867. Wasogezeni watoto ukutani, mahali ambapo lipu imebanduka au imeachwa wazi kwa makusudi. Wataona jiwe la matumbawe, lenye vitundu na michirizi ya mdudu wa baharini. Kuta ni nene, ndiyo maana ndani kuna ubaridi hata Januari.

Kutoka hapo fuateni Sokoine Drive, bahari ikiwa mkono wa kulia. Mtapita Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, lililokamilika 1902, kisha Kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mnara na vigae vyekundu. Yote mawili ni ya wakati wa Wajerumani. Dakika kumi kumi zinatosha, ila kama kuna ibada msiingie kwa ajili ya kutazama tu.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yapeni saa moja na nusu. Mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na kubishana mlangoni kunakula muda. Anzeni na chumba cha asili ya binadamu wakati watoto bado wana nguvu. Hapo kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Waambieni watazame magego. Ni mapana kupita kiasi, na hayo ndiyo yaliyowaambia wataalamu kwamba kiumbe yule alikuwa akitafuna vyakula vigumu. Katika makumbusho hayo pia wanakumbukwa waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998.

Rudini Barabara ya Samora hadi sanamu ya Askari. Iko katikati ya kipilefti, magari yanazunguka muda wote, na pikipiki hazitoi ishara. Itazameni vizuri mkiwa kando ya barabara, na mkivuka, vukeni pamoja na wenyeji. Kutoka hapo njia ni moja: Samora moja kwa moja hadi Mnara wa Saa, mshike Mtaa wa Uhuru, mtokee Mnazi Mmoja penye mnara wa Mwenge. Tangu Boma hadi hapo ni kilomita tatu na kitu. Kwa miguu ya mama, kipande cha kutoka makumbusho hadi Mnazi Mmoja chukueni teksi.

Na hapa kuna nafuu ambayo wengi hawaijui. Maduka ya kanga na vitenge yamejipanga Mtaa wa Uhuru, kuanzia Mnazi Mmoja kuelekea Lumumba. Si lazima kumwingiza mama kwenye msongamano wa Mtaa wa Congo, ambako mtu hutembea kwa kusukumwa. Fikeni saa saba au saa nane, mmalize kabla ya saa kumi, maana baada ya hapo wanaorudi nyumbani na wanaofunga mizigo hujaa njia moja. Ikiwa ni Ijumaa, fikeni baada ya saa nane: maduka mengi hufungwa kwa ajili ya swala, toka kama saa sita na nusu hadi saa nane. Jumapili msiende kabisa kwa kanga za jumla.

Nitajuaje kanga nzuri na nisiibiwe vipimo vya kitenge? (Msomaji, Singida)

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, havijakatwa wala kupindwa. Ifungueni yote mezani. Msikubali kuoneshwa upande mmoja uliokunjwa. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Kasoro ya kawaida ni mchoro uliohama: rangi moja imechapwa pembeni kidogo ya mahali pake, basi ua linakuwa na kivuli na jina halisomeki vizuri. Nyingine ni pindo lililokuwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Hiyo huwezi kuirekebisha kwa cherehani, kwa sababu ukilisawazisha pindo, jina linakaa upande. Vipande vyote viwili vikaguliwe, kwani mara nyingi cha juu ni kizima na cha chini ndicho chenye kasoro.

Ukakamavu wa kanga mpya usiwadanganye. Ni wanga, na huisha kwenye maji ya kwanza. Inueni kipande kimoja kwenye mwanga: kama mnaona sura ya mtu wa pili waziwazi, baada ya kufuliwa kitakuwa chandarua. Kwa rangi, lowesheni kona kwa maji na kuisugua kwenye leso nyeupe. Nyekundu na nyeusi huacha alama kidogo hata zikiwa nzuri, ila zikiacha doa zito, zitaharibu pindo jeupe siku ya kwanza ya kufuliwa.

Za sare nunueni zote siku moja, duka moja, robota moja. Mchoro uleule ukichapwa mara ya pili, wekundu wake haulingani na wa kwanza, na tofauti hiyo huonekana vibaya sana watu wakisimama pamoja kwenye picha. Ongezeni doti moja au mbili za akiba. Jina lisomeni kwa sauti kabla ya kulipa! Kanga ya kumpa mama mkwe ikiwa na kijembe, hakifutiki kwa maelezo.

Kitenge ni yadi, si mita. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo, kwa hiyo pisi ya yadi sita ni mita tano na nusu, si sita. Hakuna anayekuibia hapo, ila fundi akikuagiza mita sita ukamletea yadi sita, mkono mmoja utapungua. Hesabuni mikunjo, kisha pimeni mkunjo mmoja kwa futi ya fundi. Hiyo futi ikae kwenye pochi siku nzima.

Naambiwa simu za Kariakoo ni rahisi, lakini ndugu yangu aliuziwa feki. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

Simu ziko zaidi mitaa ya Aggrey na Likoma. Ukisimama tu, atakuja kijana mwenye lugha nzuri: "Bro, unatafuta nini, nikupeleke." Huyo ni winga. Hana duka, anakupeleka kwa mwenye duka na faida yake inaongezwa juu ya bei yako. Mawinga wengi ni watu waungwana na wanaijua mitaa kuliko ramani, ila usikubali kukaa sehemu akakuletea simu kutoka usikokujua. Simu inunuliwe ndani ya duka lenye jina, mbele ya anayeandika risiti.

Hatua ni hizi. Piga *#06#, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itatokea kwenye kioo. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, namba zote 15, si nne za mwisho tu. Kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 na usome modeli unayorudishiwa. Kama boksi linasema modeli moja na ujumbe unasema nyingine, rudisha simu mezani, sema asante, toka. Weka laini yako, piga simu, piga picha, chomeka chaji, washa spika. Zote zifanyike hapohapo, hata foleni ikiwa nyuma yako. Simu iliyokwisha kuguswa na fundi huonesha kwenye skrubu: vichwa vimekwaruzwa.

Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Bei ya "bila risiti" ina hasara mbili: huna cha kudai simu ikifa kesho, na mnunuzi akikutwa na bidhaa bila risiti naye anaweza kutozwa faini. Kagua kiasi kilichoandikwa. Umelipa laki tatu, iandike laki tatu, si elfu thelathini.

Sisi Nairobi tuna Kariokor, na tuna sanamu ya askari pia. Je, hii yenu ya Dar ni nakala? (Msomaji, Nairobi)

Si nakala, ni ndugu wa tumbo moja. Kariakoo na Kariokor ni neno lilelile, Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wakapigishwa kambi eneo hili, na watu wakaliita kama walivyolisikia.

Ilikuwaje jeshi la kisasa likategemea vichwa na mabega ya watu? Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, lakini ukiiacha reli kulikuwa na mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa njiani kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao. Kila risasi, kila gunia la unga, lilibebwa na mtu, mzigo wa kilo 25 hivi, siku hadi siku, kwa chakula kidogo ambacho matumbo mengi hayakukizoea. Walioandikishwa ni mamia ya maelfu, na waliokufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Wengi hawana kaburi linalojulikana.

Sanamu za Dar, Nairobi na Mombasa zilisimamishwa wakati mmoja, mwishoni mwa miaka ya 1920. Ya Dar ilizinduliwa 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, von Wissmann, iliyoondolewa Waingereza walipoingia. Ya Nairobi ina watu watatu, na ya Dar ina askari mmoja wa shaba, ameinama, singe mbele, akielekea bandarini. Mpagazi hayumo kwenye shaba ya Dar, yumo kwenye maandishi, yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Maandishi hayo yapo pia kwa Kiswahili, cha herufi za Kiarabu na cha herufi za Kirumi. Kwa hiyo ukitoka Kariakoo kwenda Askari umetembea kama kilomita mbili, kutoka kambi ya wabeba mizigo hadi mahali wanapotajwa. Tunawaomba waongoza wageni waseme hivyo kila mara, kwa sababu wengi huishia kusema "ni mwanajeshi wa zamani" na kuendelea mbele.

Mnazi Mmoja nako usipite bila kuuliza kwa nini pana uwazi mkubwa katikati ya mji. Wakoloni waliligawa jiji: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja huo uliachwa wazi kuwatenga watu wa Kariakoo na mji wa upande wa bahari. Ng'ambo yake, Mtaa wa Lumumba, ndiko TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikozaliwa Julai 7, 1954.

Nipo Bujumbura, ni shabiki wa Simba. Nikija, klabu iko wapi, na soko lenyewe lilishajengwa? (Msomaji, Bujumbura)

Simba wako Mtaa wa Msimbazi, ndiyo maana wanaitwa Wekundu wa Msimbazi. Yanga wako kona ya mitaa ya Jangwani na Twiga, mwendo mfupi tu kutoka hapo, na kwa ujirani huo mechi yao inaitwa dabi ya Kariakoo. Mpira wenyewe huchezwa mbali, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke. Siku ya dabi usipange kununua bidhaa mchana.

Soko Kuu lilichorwa na Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika wa Afrika Mashariki, na lilijengwa miaka ya 1970. Usikazie macho bidhaa tu, inua kichwa: paa la zege limebebwa na nguzo zinazochanuka juu kama miti. Liliungua usiku wa Julai 10, 2021, likakarabatiwa na jengo jipya likajengwa pembeni. Wauza rejareja wengi walikwishasambaa mitaani, basi ulizia bidhaa kwa mtaa, si kwa soko. Vipuri vya magari, kwa mfano, utaelekezwa Gerezani na Shaurimoyo.

Mvua ikinyesha je? Na picha? (Msomaji, Iringa)

Masika, Machi hadi Mei, hatari iko Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale na mabasi ya mwendokasi ya Kimara hukwama. Mvua ikianza usiku, asubuhi ulizia kabla ya kupanda. Njia ikiwa wazi, shuka Gerezani kwa Kariakoo, au Posta ya Zamani kwa upande wa bahari. Kituo cha Msimbazi Polisi kiko katikati ya soko na ndicho chenye msukumano mkubwa. Vaa viatu vya kufunga. Ndala hunasa kwenye matope ya Congo na hutaipata tena.

Picha piga kwenye sanamu, makanisa na Boma. Ikulu, bandari na kivuko cha Magogoni, simu ikae mfukoni. Mtu na meza yake muombe kwanza. Begi livaliwe mbele, na fedha ya nauli itengwe mfuko wake, ili usifungue pochi kubwa mbele ya konda.