Mpima wa muuzaji siyo mpima wako

Kuna dada kanitumia meseji anataka kununua nyumba Madale hapa Dar, muuzaji kamwambia asihangaike na mpima ardhi, yeye anaye wake anayeijua nyumba vizuri. Jibu langu limekuwa refu nikaona niliweke hapa, maana najua wengi humu tunapambana tutoke kwenye kupanga tuwe na kwetu.

Dada yangu, usikubali kabisa.

Mimi nyumba niliyoipenda ilikuwa Goba, vyumba vitatu, fensi na geti, hati ipo. Dalali akaja na mpima wake, kazunguka zunguka, kapiga picha bikoni moja, ile alama ya zege ya mpaka wa kiwanja, kwenye kona ya fensi, "mama hapa pako safi". Nikasema asante lakini nitaleta wangu. Weee! Dalali kanuna, muuzaji anasema simwamini, na shemeji yangu mwenyewe mbele ya watu akasema wanawake tukishika hela tunakuwa wajuaji. Ile kauli inaniuma mpaka leo.

Wangu nilielekezwa na mwalimu mwenzangu aliyepimiwa shamba Kibaha. Yeye hamjui dalali wala muuzaji, na hela nilimlipa mimi. Kabla ya kufika saiti alitaka namba ya kiwanja na bloku, akatafuta ramani ya upimaji yenye kodineti, yaani namba za mahali hasa ilipo kila bikoni, ndio akaja na GPS yake ile ya kwenye mti mrefu. Pale konani akainama akaikwaruza ile bikoni kwa panga, zege bado jeupe kabisa wakati nyumba ni ya siku nyingi. Akaangalia mashine, akarudi ndani ya fensi mpaka karibu na tenki la maji, akaomba jembe. Hakuchimba sana, ikatoka bikoni ya zamani, chuma kimeota kutu ila namba inasomeka, na ndiyo ile ile ya kwenye ramani. Yaani fensi ya upande ule pamoja na shimo la choo vilikuwa kwenye kiwanja cha jirani, na jirani mwenyewe anaishi Mwanza!

Shemeji alikuwepo. Hakusema kitu.

Nyumba ile niliiacha, baadaye nikanunua Bunju na mpima ni yule yule.

Sasa wapendwa, hati ni muhimu lakini hati haikuonyeshi fensi imepita wapi. Mpima wako atakwambia pia kama uko kwenye hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, kwa sheria ya 2007 barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, zamani ilikuwa 22.5, na kuna sehemu ni zaidi. Mnakumbuka Kimara 2017, watu wameishi miaka na miaka nyumba zikavunjwa. Bondeni nako sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Goba na Madale mabonde yapo. Dalali hakwambii hayo kwa sababu yeye analipwa ukinunua, usiponunua halipwi.

Msichanganye wataalamu pia. Mpima ardhi anaangalia mipaka, nyufa za ukuta mwite injinia, na bei ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa. Wote muwalipe wenyewe! Jamani tunahangaika na vikoba na mikopo ya kazini miaka yote halafu tunaona uchungu kumlipa mtu wa kutulinda, tubadilike, hasa sisi wanawake, tusiogope kuitwa wajuaji.

Muulize namba yake ya usajili, nenda naye saiti usimtume peke yake, mjumbe na majirani wawepo, na akupe ripoti ya maandishi yenye sahihi na muhuri kabla hujatoa hata hela ya kishika nafasi. Dada wa Madale, namba ya mpima wangu nimekutumia inboksi, ongea naye kabla hujarudi kwa muuzaji.