Mnauliza, Tunajibu: Megawati Kibao, Mbona Giza?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya nchi inavyozalisha umeme wake na inavyoutumia, maswali yakamiminika. Kuna ya utani, ila mengi ni ya maana kabisa, kwahiyo safari hii ukurasa wote ni umeme. Majina tumeyaacha, maswali tumeyafupisha.

SWALI: Fundi habari. Unakuta nchi imetangaza ina uwezo wa kuzalisha megawati kadhaa, na matumizi yake hata hayafiki hapo, halafu watu wanakaa gizani kwa mgao. Hizo megawati zinakuwa zimejificha wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hazijajificha, ni kwamba hiyo namba ni ya kwenye bati la mashine. Inasema mashine ikiwa nzima, mafuta au maji yapo ya kutosha na hakuna kilichoharibika, inaweza kutoa kiasi hichi. Kama kila siku inatoa kiasi hicho au haitoi ni habari nyingine kabisa, na ndo maana mimi mtu akinitajia megawati peke yake huwa namuuliza ni za nini, maana megawati 100 za nyuklia na megawati 100 za sola sio ndugu. Marekani mitambo yao ya nyuklia kwa mwaka mzima inafanya kazi kwa zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wake, wakati sola sehemu nyingi duniani haivuki asilimia 25, kwa sababu usiku upo na mawingu yapo.

Mfano mzuri ni Afrika Kusini. Kwa makaratasi ina zaidi ya megawati 45,000 na kilele cha matumizi kiko kwenye kama 34,000, ukipiga hesabu ya haraka unasema hawa wana akiba ya kumwaga. Lakini umeme wao zaidi ya asilimia 80 unatokana na makaa ya mawe, mitambo mingi imezeeka, mara boila limepasuka, mara mashine imeingia matengenezo, mpaka mwaka 2023 uwezo uliokuwa unapatikana kweli ulishuka kwenye kama asilimia 55, na huo ndo mwaka waliokatiwa umeme kuliko mwaka wowote. Zambia nao ni tofauti kidogo, mashine zao ni nzima tu ila wanategemea maji kwa zaidi ya asilimia 80, ukame wa 2024 ulivyoliteremsha ziwa Kariba mashine zikabaki zinatazamana na watu wakakaa masaa mengi kwa siku bila umeme. Giza ni lile lile, ila dawa ya huyu haimtibu yule.

SWALI: Hivi usiku wa manane watu wamelala, taa zimezimwa, viwanda vingi vimefungwa, ule umeme unaobaki unaenda wapi? Unamwagwa?

JIBU: Haubaki. Naomba hili nilijibu kwa urefu kidogo maana ukilielewa hili mengine yote utayaelewa mwenyewe.

Umeme wa gridi hauna ghala. Zile nyaya hazijatunza kitu ndani, unachotumia sasa hivi kimezalishwa sasa hivi, sekunde hii hii, na mtambo ambao pengine uko mamia ya kilomita kutoka ulipo. Sasa fikiria unaendesha baiskeli, ukifika kwenye mlima pedali zinakuwa nzito na mwendo unapungua usipokaza mguu, ukianza kuteremka inakimbia yenyewe. Jenereta ni hivyo hivyo. Watu wakiwasha vitu vingi kwa pamoja jenereta inakuwa nzito, kweli kabisa kwa mkono ungeisikia, na inaanza kupunguza mwendo, wakizima inataka kukimbia. Kazi ya mtambo ni kuongeza au kupunguza mvuke, gesi au maji ili mwendo ubaki pale pale. Kwahiyo usiku watu wakilala mitambo inapunguzwa, mingine inazimwa kabisa.

Mwendo wenyewe unapimwa kwa hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde moja. Nchi nyingi duniani ni hezi 50, Marekani na baadhi ya nchi nyingine ni 60. Kwenye hezi 50 jenereta kubwa nyingi za mvuke zinazunguka mara 3,000 kwa dakika, na zote zilizopo kwenye gridi moja zinakwenda pamoja kama zimefungwa kwenye mhimili mmoja. Ukiingia chumba cha kontroo cha gridi namba inayotazamwa kuliko zote ni hiyo. Ikisoma 50.00 watu wametulia, ikisoma 49.80 watu washaanza kushika simu.

Na usidhani hicho kitengo cha desimali ni mambo ya mafundi tu. Mwanzoni mwa mwaka 2018, Ulaya kwenye nchi kama 25 saa za kwenye majiko ya umeme na saa za mezani zilianza kuchelewa, taratibu, mpaka kufika mwezi wa tatu zikawa nyuma karibu dakika sita. Watu wanarekebisha, baada ya siku kadhaa imechelewa tena. Saa za aina ile hazina akili yoyote, zinahesabu tu mizunguko ya umeme, ikifika 50 inasema sekunde moja imepita. Kumbe kulikuwa na mvutano wa Serbia na Kosovo, umeme ukawa unatumika upande ule bila wa kuujazia, gridi nzima ikawa inakwenda kwa wastani wa hezi 49.996 badala ya 50. Pengo ni la sehemu nne tu kati ya elfu moja za hezi! Ndo likala dakika sita za watu wa Ureno ambao hata huo mgogoro hauwahusu.

Mkasa mwingine ninaoupenda ni wa Uingereza, tarehe 4 Julai 1990, nusu fainali ya Kombe la Dunia kati yao na Ujerumani Magharibi. Mechi ilivyoisha kwa penalti watu wakanyanyuka kwenye viti nchi nzima, birika za umeme zikawashwa, friji zikafunguliwa, matumizi yakaruka kwa megawati 2,800 ndani ya dakika chache. Hiyo ni mitambo mikubwa kadhaa kwa pamoja. Sio kwamba walishtukizwa ghafla, wale jamaa wa gridi huwa wanasoma ratiba ya televisheni kama wewe, na wana kituo kimoja kule Wales kinaitwa Dinorwig, kimechimbwa ndani ya mlima, usiku umeme ukiwa wa bure bure wanausukumia maji kupanda bwawa la juu, ukihitajika wanayaachia yanashuka na mashine zinafika nguvu kamili chini ya sekunde 20. Kwahiyo swali lako la umeme wa usiku unaenda wapi, pale angalau jibu ni kwamba unapanda mlima.

SWALI: Mwaka jana, yaani 2025, Hispania na Ureno nchi nzima zilizima mchana kweupe. Tukaambiwa ilikuwa sekunde chache tu. Kama kuzima ni sekunde kwa nini kuwasha kulichukua mpaka kesho yake? Si wanabonyeza tu swichi?

JIBU: Ungekuwa swichi kaka wangeshaubonyeza. Ilikuwa Aprili 28, saa 6 na dakika 33 mchana. Na cha ajabu hakukuwa na upungufu, umeme ulikuwepo kibao, jua linawaka. Kilichowamaliza ni volti kupanda kupita kiasi. Kila mtambo una kifaa cha kujilinda, volti zikizidi unajitoa kwenye gridi usije ukaungua, sasa mmoja ukajitoa, volti zikapanda zaidi, ukajitoa wa pili, wa tatu, na ndani ya kama sekunde tano Hispania ikawa imepoteza karibu megawati 15,000. Hapo hakuna binadamu wa kuwahi, mkono wako haujafika hata kwenye simu.

Kuwasha ndo kazi. Mtambo mkubwa unahitaji umeme ili uzalishe umeme, kuna pampu za maji, mafeni, kompyuta, mafuta ya kupashwa moto, vyote hivyo vinataka umeme na umeme haupo. Kwahiyo unaanza na mitambo inayoweza kujiamsha yenyewe, mara nyingi ya maji, au unamuomba jirani. Hispania walisaidiwa na laini za Ufaransa na Moroko. Ukipata kipande kidogo kilichowaka unakiongezea mji kidogo, mtambo kidogo, mji kidogo, mtambo kidogo, kwa sababu ukiwapa watu wote kwa mpigo kila friji na kila pampu itavuta kwa wakati mmoja na utaangusha tena ulichojenga. Halafu vile vipande ukitaka kuviunganisha lazima hezi zao zilingane na mawimbi yaende sambamba, ukikosea jenereta inapata mtikisiko wa kuivunja. Kwa ukubwa wa kazi ile, kuwa na umeme karibu nchi nzima asubuhi yake mimi nawapa maksi zote.

Tena hapa niseme kitu ambacho wengi hawatakipenda. Mgao, ule wa dharura sio wa uzembe, ndo unaozuia hali kama ile. Texas mwaka 2021, Februari 15 saa nane kasoro usiku, baridi kali mno, mitambo inaganda na mabomba ya gesi yanaganda huku watu wanataka joto. Gridi yao ni ya hezi 60, ikashuka chini ya 59.4, na utaratibu wao ni kwamba ikikaa hapo dakika tisa mitambo inaruhusiwa kujitoa yenyewe. Ilikaa dakika 4 na sekunde 23. Waliokuwa kontroo wakakata umeme wa watu, mamilioni ya nyumba, kwenye baridi ile, na watu walikufa. Wasingekata, gridi nzima ingelala na kuiamsha ingekuwa wiki kama sio zaidi. Lawama ni za waliojua mitambo haijafungwa kinga ya baridi wakakaa kimya miaka yote, sio za aliyekuwa zamu usiku ule.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi. Nchi ikiwa na jua mwaka mzima si ijaze sola tu iachane na makaa, gesi na hayo mabwawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mchana hesabu yako iko sawa kabisa na sola saivi ni kati ya umeme wa bei ya chini kuujenga. Shida inaanza jua likizama, kwa sababu ndo muda huo huo watu wanarudi majumbani wanawasha kila kitu, yaani umeme mmoja unashuka na hitaji linapanda kwa pamoja. California walijaza sola mpaka mchana wakawa na umeme wa ziada, halafu jioni ikawa lazima mitambo ya gesi ipandishwe kwa kasi ndani ya masaa matatu hivi. Dawa waliyoiweka ni betri, mwaka 2024 walivuka megawati 10,000 za betri, na jioni moja ya Aprili mwaka huo kwa muda fulani betri ndo zilikuwa zinatoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote pale. Ila soma kwa makini, betri nyingi za aina ile zinakaa kama masaa manne. Zinakuvusha jioni, haziwezi kukuvusha wiki ya mawingu. Kwahiyo jaza sola, ndiyo, ila bwawa usilibomoe.

SWALI: Kwa nini nchi inauza umeme nje halafu mwaka huo huo inanunua? Si upuuzi?

JIBU: Sio upuuzi, ni saa tofauti. Denmark zaidi ya nusu ya umeme wake ni upepo, ukivuma sana wanawauzia Norwei, Norwei wanafunga maji yao kwenye mabwawa, upepo ukilala maji yanafunguliwa na umeme unarudi. Wote wanafaidika. Asiyekuwa na jirani ndo anapata tabu, au mwenye jirani asiyeelewana naye, kama Japani na Japani yenyewe. Mashariki upande wa Tokyo ni hezi 50 na magharibi upande wa Osaka ni hezi 60, eti kwa sababu karne ya 19 huku walinunua jenereta za Ujerumani na kule za Marekani, na hawajawahi kubadilisha mpaka leo. Mwaka 2011 baada ya tsunami mashariki walipungukiwa sana, magharibi walikuwa na cha kutoa, ila mashine za kubadilisha hezi kati yao zilikuwa za kama megawati 1,000 tu. Ndugu ana maji na wewe una kiu, halafu kikombe ni kimoja.

SWALI: Mume wangu kila siku ananigombeza nikiacha chaja ya simu kwenye soketi. Kweli ndo inamaliza umeme wa nchi?

JIBU: Dada, mwambie shemeji apunguze. Kuchaji simu kila siku mwaka mzima haifiki hata uniti 10, na chaja tupu inayoning'inia haina hata cha kuhesabu. Vinavyokula ni vya kupasha joto na kupoza, birika, pasi, hita ya maji, kiyoyozi. Birika la wati 2,000 likiwaka nusu saa ni uniti nzima.

Na kwa nchi nzima mara nyingi sio hata majumbani. Iceland kwa kila kichwa ndo wanaongoza duniani, zaidi ya uniti 50,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, lakini sio kwamba wanalala na taa zinawaka. Karibu theluthi mbili ya umeme wao, ambao ni wa maji na jotoardhi, unaenda kwenye viwanda vya aluminiamu, na tani moja tu inataka kama uniti 14,000. Viwanda hivyo havizimwi usiku wala sikukuu, maana umeme ukikatika masaa machache tu aluminiamu iliyoyeyuka inagandia humo humo kwenye vyungu na itabidi ichongwe kwa nyundo.