Jibu: Kampuni imevujisha taarifa zangu, nianzie wapi?
Mkuu, kwa kuwa barua waliyokutumia inataja baruapepe, nywila na namba ya simu, anza na baruapepe, maana ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine zote. Weka nywila mpya, kisha ingia kwenye mipangilio uangalie kama kuna anwani usiyoijua inayopelekewa nakala za barua zako. Wengi husahau hapo, na mwizi huendelea kusoma hata baada ya nywila kubadilishwa. Popote ulipotumia nywila ileile, badilisha pia. Uthibitisho wa hatua mbili (msimbo wa ziada unaoombwa baada ya nywila) uwe wa programu ya kwenye simu, si SMS; tapeli anaweza kuihamishia laini yako kwenye kadi yake. Na usibofye kiungo cha barua hiyo, matapeli hutuma za kuiga.

Fidia inawezekana, ila mara nyingi kuvuja peke yake hakutoshi: onyesha hasara iliyotokana nako. Tunza barua yenyewe, taarifa za benki, risiti. Iandikie kampuni ukitaja kiasi unachodai na siku ya mwisho ya kujibu. Ikikaa kimya, lalamika kwa mamlaka ya ulinzi wa data, ingawa faini itakayotozwa kwa kawaida haiingii mfukoni mwako. Huenda ukahitaji mahakama. Wakikupa kifuta jasho, soma kwanza kama kusaini kunafuta haki yako ya kudai.